Kutoka Landi za Muthurwa hadi Karakana ya Chuo: Kwa Nini Nilichagua Uhandisi wa Mitambo

Mhariri wa jarida hili aliponiomba niandike makala, nilimuuliza iwapo hakukosea mlango. Mimi si mwanafunzi wa isimu wala wa fasihi. Ninasomea uhandisi wa mitambo, na chama hiki nilikiingia kwa bahati tu: nilikuja kusikiliza mjadala mmoja kuhusu istilahi za sayansi, nikakaa, nikazoea. Mhariri alinijibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kunifuata. Alitaka kujua ni kitu gani humsukuma mtoto wa Muthurwa, tena msichana, kwenda kuandamana na nyundo, mafuta na milinganyo, na alitaka jambo hilo lisemwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nimejaribu. Pale ambapo Kiswahili changu cha karakana kitawachekesha wataalamu, naomba nivumiliwe.

Anayeshuka Muthurwa siku hizi hukutana kwanza na soko na kituo cha matatu. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 2008 ili kuwaondoa wachuuzi katika barabara za katikati ya jiji, na tangu hapo jina Muthurwa kwa wengi humaanisha mitumba, nyanya za kupimwa kwa ndoo na utingo wanaoita abiria wa Buruburu, Donholm na Umoja. Lakini Muthurwa ya watu wa zamani ni mtaa wa reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwezi Mei mwaka 1899, na kufikia mwisho wa mwaka 1901 njia ilikuwa imegusa Ziwa Viktoria. Nairobi yenyewe ni zao la uamuzi wa wahandisi: ilikuwa sehemu ya mwisho yenye maji na uwanda wa kutosha kupangia mabehewa kabla ya kupanda nyanda za juu na kuteremka Bonde la Ufa. Makao makuu ya reli yakahamishiwa hapa kutoka Mombasa, na mji ukaota kuyazunguka. Huwa nawatania wenzangu wa historia kwamba jiji letu lilizaliwa kwa sababu ya mwinamo wa ardhi.

Wafanyakazi Waafrika wa reli walijengewa nyumba za safu, chumba kimoja kwa jamaa nzima, mabomba ya maji na vyoo vya kushirikiana. Nyumba hizo wenyeji huziita landi. Humo ndimo babu yangu alimopata chumba alipoajiriwa katika karakana kuu ya reli mwaka 1963, na humo ndimo nilimolelewa. Babu alitoka magharibi ya nchi, nyanya akatoka Ukambani, jirani wa kulia alikuwa Mjaluo na wa kushoto Mtaita. Lugha iliyobaki ya kugombana na kupatana ilikuwa Kiswahili. Nasema haya si kwa ajili ya kuipamba historia yangu, bali kwa sababu yanahusu hoja nitakayoifikia: ufundi niliofunzwa utotoni nilifunzwa kwa Kiswahili, wala haikunipitikia kwamba ungeweza kufunzwa kwa lugha nyingine.

Babu alikuwa fundi wa kuunganisha na kukarabati injini. Alipoanza kazi, reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua sehemu yake naye akajikuta mtumishi wa Shirika la Reli la Kenya bila ya kuhama hata hatua moja. Miaka yake ya mwanzo aliitumia katika injini za mvuke, na kipenzi chake kilikuwa zile za daraja la 59. Injini hizo 34 ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikawa na uzito wa tani 252, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyopata kuzishinda nguvu. Siri yake ilikuwa katika umbo. Tangi kubwa la kuchemshia maji lilining'inizwa katikati, na mbele na nyuma yake palikuwa na seti mbili za magurudumu zilizoweza kugeuka kila moja kivyake. Kwa hiyo uzito ulisambazwa juu ya magurudumu mengi, reli nyembamba haikuumia, na jitu hilo lote liliweza kupinda kona kali kama jongoo. Babu alikuwa akisema “jongoo la Mwingereza”. Kufikia mwaka 1980 yote yalikuwa yameondolewa kazini, dizeli ikashika usukani.

Usukani, nimesema. Neno hilo ndilo lililonipoteza, au lililonipata.

Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa. Tulikuwa tumesimama karibu na reli, treni ya jioni ikipita kuelekea Eastlands imejaa watu hadi milangoni, nami nikamuuliza babu: dereva wa treni hana usukani, sasa inapindaje? Nilitarajia jibu ambalo watu wazima wengi wangenipa, na ambalo baadaye nimelisikia hata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi: kwamba gurudumu lina ukingo kwa ndani unaolizuia lisitoke katika reli. Babu hakunijibu. Tulipofika nyumbani alichukua vikombe viwili vya plastiki, vile vipana juu na vyembamba chini, akavigandisha mdomo kwa mdomo kwa utepe. Akaweka fimbo mbili sambamba juu ya kitanda, upande mmoja umeinuliwa kidogo, akaviachilia vikombe vibingirike juu yake. Vikayumba kulia, vikajirudisha. Vikayumba kushoto, vikajirudisha. Vikafika mwisho bila kuanguka. Kisha akavibandua, akavigandisha tena kitako kwa kitako, akanipa mimi niviachilie. Vilianguka kabla ya kufika nusu ya njia. Nikajaribu tena na tena hadi nyanya akakidai kitanda chake.

Maelezo yake ni haya, na ningependa msomaji ayafuate maana ndiyo kiini cha makala hii. Gurudumu la treni si bapa pale linapokanyaga reli. Limechongwa kwa umbo la pia: upande wa ndani, karibu na ukingo, ni mnene zaidi kuliko upande wa nje. Magurudumu mawili yamekazwa katika ekseli moja, kwa hiyo hayana budi kuzunguka pamoja. Jozi hiyo ikisogea kulia, gurudumu la kulia huanza kukanyaga reli kwa sehemu yake nene na la kushoto kwa sehemu yake nyembamba. Kwa kila mzunguko mmoja, basi, la kulia husafiri mbali zaidi kuliko la kushoto, na jozi nzima hujigeuza yenyewe kurudi kati. Kwenye kona hutokea jambo lilo hilo: treni husukumwa upande wa nje, gurudumu la nje likakanyagia unene wake, likaenda masafa marefu zaidi kama kona inavyodai. Kazi ambayo katika gari hufanywa na meno kadhaa ya chuma katika kile ambacho makenika wa barabara ya Kirinyaga huita difu, katika treni hufanywa na umbo tu. Ukingo ni mlinzi wa akiba. Ukisikia treni ikipiga mayowe konani, jua kona imezidi kuwa kali, umbo limeshindwa, na ukingo unasuguana na reli.

Sikuwa na neno la kulitaja lililonipata siku ile, na hata sasa silijui vyema. Nilijua tu kwamba kuna mtu aliyekaa akafikiri hata chuma kikafanya uamuzi mahali pake, na kwamba nilitaka kuwa miongoni mwa watu wa namna hiyo. Wanaotoa nasaha za kuchagua taaluma huwauliza wanafunzi kuhusu mishahara, nafasi za kazi na hadhi. Sitajifanya malaika. Mishahara niliifikiria, tena sana. Mtu aliyelala watu sita chumbani hana anasa ya kutoifikiria. Lakini mshahara ungeweza kunipeleka popote, hata kwenye sheria, ambako mama alikuwa na hamu kubwa nielekee. Kilichonipeleka kwenye mitambo ni vikombe viwili.

Na pia Kamukunji. Ukivuka barabara ya Landhies kutoka kwetu, mwendo mfupi tu, unaufikia uwanja wa mafundi wa jua kali, na kelele zake huzisikia kabla ya kuuona: mamia ya nyundo juu ya bati bila mpangilio, ila ukikaa muda mrefu mpangilio unaanza kuusikia. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyowafanya wachumi wa dunia waanze kuwatazama watu hawa kama sekta yenye uzalishaji, si kama wazururaji wanaosubiri ajira ya kweli. Mafundi wenyewe hawakuisubiri ripoti. Mjomba wangu hutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, na wakati wa likizo nilikuwa nikimshikia bati alikate. Hapo nilijifunza mambo ambayo baadaye nililipia karo ili niambiwe tena: kwamba bati lililokunjwa ukingoni huwa gumu kulipinda kuliko bati bapa, ingawa uzito haujaongezeka hata gramu moja, kwamba tundu lililotobolewa karibu mno na ukingo hupasuka, kwamba mchoro wa sanduku hukatwa bapa kwanza, kichwani, kabla ya mkasi kugusa kitu.

Tazama jiko la makaa lenye kauri ndani, lile lenye kiuno, ambalo lilienea nchini kuanzia miaka ya 1980. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu, na bati hupitisha joto upesi. Nusu ya makaa yako ulikuwa ukiipashia joto hewa ya jikoni. Watafiti waliazima wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha hadi likapatana na sufuria zetu na ugali wetu, ambao huhitaji kusongwa kwa nguvu na hivyo hudai jiko lisiloyumba. Kauri huzuia joto lisikimbie pembeni. Kiuno kilifanya kauri ishikwe katika sehemu ya juu tu, chini pakabaki pa majivu na hewa. Matumizi ya makaa yalipungua kwa thuluthi moja na zaidi. Waliolieneza si viwanda vikubwa, bali mafundi wa bati waliokaa juani wakishirikiana na wafinyanzi. Nilipoambiwa darasani kwamba uhandisi ni kutumia sayansi kutatua matatizo ya watu, nilikuwa nimeshakula ugali wa jibu hilo miaka kumi na tano.

Hapa sina budi kuligusa suala la majina, ambalo najua wasomaji wa jarida hili watalipenda. Babu aliitwa fundi. Mimi, nikifaulu, nitaitwa mhandisi. Fundi ni neno ambalo wanaisimu hulihusisha na kitenzi funda, ndiko kufunza na kufundisha. Fundi asilia ni mwenye ujuzi anayeweza kuurithisha. Mhandisi limetoka katika Kiarabu, ambako handasa humaanisha pia jometri. Ni mtu wa vipimo na michoro. Karakana ina asili ya Kiajemi, na stima lililetwa na meli za mvuke, kisha Wakenya tukalihamishia kwenye umeme, hata leo mtu hulalamika kwamba stima imepotea ilhali hajawahi kuona meli. Maneno haya mawili, fundi na mhandisi, yangeweza kuishi kwa amani. Katika jamii yetu, hata hivyo, yamegeuzwa kuwa ngazi, na ngazi hiyo ina historia. Katika reli ya kikoloni ajira ilipangwa kwa mbari: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Aliyebuni hakutoka Muthurwa. Aliyekaza nati ndiye aliyetoka Muthurwa. Uhuru uliondoa sheria ya mpangilio huo, lakini dhana ilibaki kwamba anayeshika spana hafikiri na anayefikiri hashiki spana. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhitimu ajisajili, afanye kazi miaka isiyopungua mitatu, ndipo aombe kuitwa mhandisi kamili. Siikosoi; daraja likianguka lazima pawe na wa kuulizwa. Ninachokikataa ni tafsiri ya mtaani kwamba aliye nje ya orodha hiyo hajui kitu.

Taifa letu lilipata kujaribu kuifuta dhana hiyo, tena kwa kishindo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kuunda gari la Kenya, na mwaka 1990 magari machache ya majaribio, yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yalionyeshwa hadharani. Hayakuwahi kuuzwa. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na kampuni iliyorithi kazi hiyo, ambayo sasa inajulikana kama Numerical Machining Complex, ikaelekezwa katika kuchonga vipuri. Iliwekwa ndani ya eneo lile lile la karakana kuu za reli, kwa hiyo kwetu gari hilo halikuwa mzaha wa magazetini kama lilivyokuwa kwa wengine. Babu hulizungumzia kama mtu anavyozungumzia mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani akakosa karo.

Mambo mengine yaliyonisukuma nitayapitia haraka. Mwaka 2010 wakazi wa landi walitakiwa kuhama, maji yakakatwa. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na hukumu ya mwaka 2013 ikasimama upande wa haki ya makao iliyomo katika Kifungu cha 43 cha Katiba. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokikumbuka ni madumu ya lita 20 na mabega ya mama. Nilijua umuhimu wa pampu kabla ya kujua pampu ni nini. Kuhusu kuwa msichana: katika darasa letu wanawake hatujazi mabenchi mawili, na wapo mafundi waliowahi kunipokonya nyundo kwa upole ili “nisijiumize”. Sitaki kulikuza jambo hilo. Kwetu nyundo nilipewa na babu, na aliyekabidhiwa na mwenye mali haogopi wapita njia.

Nimekwisha kuyasema yaliyonifikisha chuoni. Lililonileta katika chama hiki ni jingine, na lilinipata katika mwaka wa tatu.

Tulikuwa tukifundishwa namna chuma kinavyovunjika chini ya mzigo mdogo kuliko uwezo wake, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Mhadhiri alitusimulia ajali ya treni karibu na Versailles, Ufaransa, mwaka 1842, iliyotokana na ekseli kuvunjika, na majaribio ya Mjerumani August Wöhler, mtu wa reli vilevile, ambaye kuanzia miaka ya 1850 alizizungusha ekseli maelfu kwa maelfu ya mara chini ya mzigo akihesabu zitavunjika lini. Kila badiliko la mzigo huifungua kidogo ufa usioonekana kwa macho, hadi siku moja chuma kilichobaki hakitoshi. Nilikuwa nikinukuu kwa Kiingereza safi kabisa pale nilipoiweka kalamu chini. Jambo hili nilikuwa nikilijua. Babu alikuwa akisema “chuma huchoka”. Alisema kwamba kazi mojawapo karakanani ilikuwa kuligonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza: zima hulia kama kengele na mlio ukakaa, lenye ufa hujibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Nilidhani ni methali za mzee. Kumbe ilikuwa somo lenye namba katika ratiba ya chuo kikuu.

Jioni hiyo nilikwenda kumsimulia, na nikashindwa. Nilikuwa na maneno yote ya mhadhara na sikuwa na hata moja la kumfikishia. Mtu aliyenifunza pia na ekseli kwa vikombe alikuwa ameketi mbele yangu akisubiri, nami nikababaika kama mgeni. Mkazo, ambao ninyi huuweka katika silabi ya pili kutoka mwisho, sisi huuweka katika chuma. Neno lipo, nilikuwa sijui tu kwamba lipo. Jirani zetu wa Tanzania huwafunza watoto wa shule za msingi mashine rahisi kwa Kiswahili: wenzo, roda, kabari, parafujo, gurudumu na ekseli. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, ambamo mtu hupata kani na mchapuko bila kuviokota kwingine. Sisi tuliosomea Nairobi huhitimu bila kuifungua. Haidhuru kwenye mtihani. Hudhuru pale mhandisi kijana anapotakiwa kumweleza fundi wa miaka thelathini kwa nini tundu lile lisogezwe, akaishia kumfokea kwa sababu hana lugha ya kumwelewesha.

Tangu hapo nimekuwa na daftari. Kila Jumamosi nakwenda kwa babu na kitu mkononi, tupa, tindo, jiriwa, keekee, beringi iliyokufa, naye hukitaja na kunieleza kilivyofanya kazi na walivyokiita karakanani, ambavyo mara nyingi si kama kilivyo katika kamusi. Kazi yenyewe ina dosari moja. Miaka ya kelele za karakana imeyala masikio yake. Lazima niandike swali kwa herufi kubwa, na yapo majibu ambayo hayalingani na maswali. Mwezi uliopita nilimpeleka katika Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, ambako imehifadhiwa Mount Gelai, moja kati ya zile za daraja la 59. Aliligonga gurudumu kwa ufunguo wa nyumba, akainama, kisha akaniuliza mimi kama limelia. Nikamwandikia kwamba limelia. Akasema siku hizi huusikia mlio kwa kiganja.

Daftari lina maneno 143 hadi sasa. Manne bado yamenitatiza: ule ukingo wa gurudumu, ambao babu huuita mdomo na kamusi nilizoziona haziuiti hivyo, kile kiungo kinachofunga behewa kwa behewa, ufa ambao bado haujaonekana, na ule mlio wa chuma kizima, ambao babu ana neno lake la kwao magharibi lakini si la Kiswahili. Msomaji yeyote mwenye neno, awe amelipata kitabuni, pwani au gereji, namwomba aniachie kwa katibu wa chama.